SAUTI NJEMA KATIKA CHUMBA KIDOGO

Leo nataka kusema nanyi kidogo habari za sauti nyumbani, yaani jinsi mtu mwenye chumba kimoja na fedha chache awezavyo kuifanya redio yake au sabufa yake iseme vizuri kuliko inavyosema sasa. Labda wengine mtasema, "Hayo ni mambo ya anasa, sisi tuna mashamba ya kulima." Ngojeni kwanza mwisikie habari yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna fedha za mtu, na mna mama wa mtu.

Huko Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, ninaye rafiki yangu kijana ambaye kazi yake ni kutengeneza baiskeli. Amepanga chumba kimoja katika nyumba ya matofali ya saruji iliyoezekwa kwa bati. Chumba hicho ni cha mraba, mita 3 kwa mita 3. Mwaka uliopita, baada ya mavuno ya pamba, alinunua sabufa kuukuu kwa mtu: sanduku moja kubwa la sauti nzito, na spika mbili ndogo. Akaiweka pembeni, akazipanga spika mbili juu ya sanduku, moja juu ya mwenziwe, akafurahi sana.

Baadaye mama yake alitoka kijijini akaja kukaa naye, kwa kuwa ilimpasa kwenda hospitali mara kwa mara. Mama huyu ni mzee, na redio ndiyo rafiki yake mchana kutwa. Hupenda habari, mazungumzo ya afya, na bei ya pamba. Siku moja kijana aliporudi kutoka kazini alimkuta mama amekaa kwa hofu. "Mwanangu," akasema, "wametangaza vita." Kijana akashtuka, akatoka kuwauliza majirani. Kumbe hapakuwa na vita yo yote. Mtangazaji alikuwa ametaja saa tu: saa sita. Mama alisikia "vita".

Walicheka, lakini kijana hakuridhika. Alifikiri moyoni, "Sabufa hii ni dhaifu. Sharti ninunue kubwa zaidi." Alikuwa na akiba ya shilingi 180,000, nayo ilikuwa nauli ya mama na sare ya shule ya mdogo wake. Akakusudia kuitoa yote, na kuuza mbuzi mmoja juu yake, ili apate sabufa mpya aliyoiona mjini, ambayo sanduku lake limeandikwa wati elfu na zaidi. Akanijia nimsindikize kuichagua. Nikamwambia, "Bwana mdogo, kabla hatujaenda dukani, twende kwanza chumbani kwako tukasikilize."

Basi haya ndiyo tuliyoyaona na tuliyoyafanya, nami nitayaeleza moja moja, kwa kuwa kila mwenye chumba kidogo yaweza kumfaa.

Jambo la kwanza ni chumba chenyewe. Sauti ni mtetemo wa hewa, nao husafiri upesi, kama mita 340 kwa sekunde moja. Ikifika ukutani hurudi, kama mpira unavyorudi. Katika chumba cha mita 3, mtetemo wa mara 57 hivi kwa sekunde hukuta nafasi inayolingana nao kabisa. Huenda na kurudi kati ya kuta mbili na kujiongeza nguvu, hata ukavuma kupita sauti zote nyingine. Mtoto anayesukumwa katika bembea hupanda juu sana akisukumwa kwa wakati wake. Ndivyo hewa ya chumba ifanyavyo. Na chumba kikiwa mraba, urefu na upana huvuma kwa sauti ile ile moja, kwa hiyo ubaya huwa maradufu.

Tena uvumi huo haulingani mahali pote. Karibu na kuta na pembeni huwa mkubwa mno; katikati ya chumba huwa mdogo, hata huweza kutoweka. Sasa tazameni ajabu hii. Kijana alikuwa akikaa juu ya kigoda katikati ya chumba. Pale sauti nzito haikumfikia, naye akadhani sabufa haina nguvu, akawa akiongeza kitufe cha sauti nzito hata mwisho. Kitanda cha mama kilikuwa pembeni, kichwa chake kikigusa kuta mbili. Yeye alipata uvumi wote ambao mwanawe hakuusikia. Watu wawili, chumba kimoja, chombo kimoja, na kila mmoja asikia jambo lake! Nikamwambia kijana alale kitandani pa mama, nami nikawasha redio. Akainuka upesi, akasema, "Lo! Hapa ni kama ndani ya ngoma."

Jambo la pili ni masikio ya wazee. Mtu azeekapo, sauti nyembamba ndizo humpotea kwanza, na sauti nene hukaa. Vokali zetu, a na o na u, zina nguvu nyingi katika sauti nene. Lakini herufi kama s na f na t hukaa juu, katika sauti nyembamba na nyepesi. Fikirini maneno haya: kata, pata, tata. Vokali zake ni zile zile. Herufi moja ya mwanzo ndiyo inayoyatenga. Ndivyo ilivyo sita na vita. Mzee asiposikia vema herufi ile ya mwanzo, hukisia. Na uvumi mzito ukizidi, huifunika hata ile sehemu ndogo ambayo angaliweza kuisikia. Kwa hiyo dawa ya mzee asiyesikia maneno si kuongeza sauti yote. Dawa ni kupunguza sauti nzito, kuongeza kidogo nyembamba, na kumsogezea spika karibu. Tulipunguza kitufe cha sauti nzito hata chini ya nusu, na mara ile mama akasema, "Sasa huyu mtangazaji ametoa tonge kinywani."

Jambo la tatu ni mahali pa kuweka vyombo. Sanduku la sauti nzito halifai kukaa pembeni kabisa katika chumba kidogo, kwa kuwa pembe huamsha uvumi wote wa chumba. Iko njia rahisi ya kupata mahali pake, isiyohitaji senti moja. Liweke sanduku pale unapokaa wewe ukisikiliza. Piga wimbo wenye gitaa nene linalopanda na kushuka. Kisha uende kwa magoti kuzunguka chumba, kichwa karibu na sakafu, ukisikiliza. Mahali pengine noti moja itavuma na nyingine zitapotea. Mahali pengine noti zote zitakuja karibu sawasawa. Hapo ndipo mahali pake. Kijana alitambaa kama mtoto mchanga, na watoto wa jirani walijazana mlangoni wakicheka. Lakini alipata mahali, kando ya ukuta, kama theluthi moja ya urefu wake.

Spika mbili ndogo nazo zisipangwe pamoja. Zimetengwa ili zikae mbali, moja kushoto na moja kulia, na wewe mbele yake, hata ninyi watatu mwe pembe tatu zilizo sawa. Ziwe kimo cha masikio ya mtu aliyekaa, zikimtazama, wala zisifichwe nyuma ya pazia au kabati. Tuliziweka juu ya vigoda viwili, na chini ya kila moja kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Kitanda cha mama tukakisogeza, kichwa chake kikatoka pembeni.

Jambo la nne ni nyaya. Nyuma ya kila spika mna vishikizo viwili, mara nyingi chekundu na cheusi. Sharti chekundu kiende kwa chekundu na cheusi kwa cheusi, katika spika zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, spika moja itasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti nene zitauana zenyewe kwa zenyewe. Utaijua kwa dalili hii: sikiliza mtu mmoja akisema habari. Nyaya zikiwa sawa, sauti yake yatoka katikati ya spika mbili, kana kwamba amesimama pale. Zikiwa zimegeuka, sauti haina mahali. Huelea huku na huku. Katika chumba cha rafiki yangu upande mmoja ulikuwa umegeuzwa. Kuurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Angalieni pia unene wa waya na maungio yake. Wengi vijijini hutumia betri ya volti 12 na sola. Waya mwembamba na mrefu hula nguvu njiani. Ngoma ikipigwa, taa hufifia na sauti hupasuka. Tumia waya mnene na mfupi. Maungio yasisokotwe tu na kuachwa wazi, maana hupata moto. Na karibu kabisa na betri pawe na fyuzi, kwa kuwa betri ndogo ina nguvu ya kutosha kuunguza nyumba nyaya zikigusana. Umeme wa gridi usiuchezee hata kidogo, mwite fundi.

Jambo la tano ni mwangwi. Kuta za saruji na paa la bati hurudisha karibu sauti yote. Piga makofi mara moja katikati ya chumba kitupu, utasikia mlio mkali kama wa bawa la panzi. Mlio huo huyaparuza maneno. Dawa yake ni vitu vinene na laini. Kanga moja ukutani haitoshi. Hushika sauti nyembamba kabisa tu, na hizo ndizo tunazozihitaji kwa maneno. Blanketi nzito lililoning'inizwa mbali kidogo na ukuta hufaa zaidi, na godoro lililosimamishwa hufaa zaidi tena. Nasi watu wa Shinyanga tunayo pamba! Tulichukua magunia mawili, tukayajaza pamba kuukuu iliyotoka katika godoro lililopasuka, tukayashona, tukayaweka katika pembe mbili zilizo nyuma ya msikilizaji. Juu, chini ya bati, kijana alitandika mkeka. Tukapiga makofi tena. Mlio wa panzi ulikuwa umepungua sana.

Msisahau pia vitu vinavyotikisika. Sufuria juu ya sufuria, kioo cha dirisha, msumari wa bati uliolegea, vyote huimba pamoja na redio bila kualikwa. Piga wimbo mzito, kisha gusa kitu kimoja kimoja kwa mkono. Kikinyamaza, umempata mwizi. Sisi tuliwapata watatu.

Sasa neno juu ya sanduku la spika. Wazee wetu walijua zamani kwamba kitu chenye uwazi ndani hukuza sauti. Ngozi ya ngoma bila mzinga wake ni ngozi tu. Na ule upinde wa muziki wa Wasukuma na Wanyamwezi uitwao ndono hausikiki vema bila kibuyu chake. Ndiyo sababu watu wengi wametia spika katika chungu au mtungi, na kweli sauti hukua. Lakini chungu kina noti yake, nacho huipenda hiyo kuliko nyingine zote. Kila wimbo hutoka na uvumi ule ule. Kama unayo spika tupu isiyo na sanduku, tafuta ubao mpana, utoboe tundu la kadiri ya spika, uifunge hapo kwa parafujo. Spika hupiga hewa mbele na nyuma kwa pamoja, lakini kinyume. Pasipo ubao wa kuzitenga, hewa ya nyuma huzunguka ikaibatilisha ya mbele, na sauti nene hupotea. Ukiweza kutengeneza sanduku la mbao nzito lisilopitisha hewa, ni bora zaidi. Ndani yake tia pamba iliyochambuliwa, isishindiliwe, ili imeze mwangwi wa ndani. Na kama sanduku lina tundu lililokusudiwa na mtengenezaji, usilizibe.

Neno jingine juu ya redio yenyewe. Sauti mbaya pengine haitoki katika spika, bali yaanza katika eriali. Kwa redio ya FM, waya wa sentimita 75 hivi hufaa, nao ukaribishwe dirishani, kwa kuwa bati huzuia mawimbi. Jaribu kuusimamisha, kisha kuulaza, uone lipi lililo bora. Chaja za simu na vifaa vya sola vilivyo rahisi hutoa makelele yanayoingia katika redio. Visogeze mbali, au uvizime ukisikiliza. Na ukiunganisha simu na sabufa, ongeza sauti ya simu hadi karibu na mwisho, kisha upunguze ile ya sabufa. Ukifanya kinyume, utasikia mvumo wa amplifaya kuliko wimbo.

Mwisho nataka kusema habari ya wati, kwa kuwa hapo ndipo fedha za watu wengi hupotea. Wati zikiongezwa maradufu, sikio husikia tofauti ndogo tu. Ili sauti iwe masikioni kama imekua mara mbili, zatakiwa wati kama mara kumi. Tena hesabu kubwa iliyoandikwa juu ya sanduku, mara nyingi ni ya kitambo kidogo mno, au haina maana kabisa. Geuza chombo utazame nyuma, panapoandikwa umeme kinaoutumia. Chombo kinachokula wati 40 hakiwezi kutoa wati elfu saa nzima, kama vile debe moja la mahindi lisivyoweza kutoa magunia kumi ya unga. Na kwa chumba cha mita 3, wati chache za kweli zatosha kabisa. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kumbukeni walivyosikiliza waliotutangulia. Mwaka 1949, katika nchi iliyoitwa wakati ule Northern Rhodesia, ambayo sasa ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ndogo ya betri iliyoitwa Saucepan Special, kwa kuwa umbo lake lilikuwa la mviringo kama sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, nayo ilikuwa na spika moja tu. Huku Tanganyika matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Watu wengi walizunguka redio moja chini ya mti au barazani, wakanyamaza, wakasikia kila neno. Chombo chao kilikuwa dhaifu kuliko simu ya leo. Lakini walikaa karibu nacho, mahali pasipo kuta, na hawakusema wakati kinaposema.

Kuna na jirani. Sauti nene hupenya ukuta kwa urahisi kuliko sauti nyembamba. Kwa hiyo wewe usikiapo wimbo, jirani husikia mapigo tu, nayo humwamsha mtoto wake. Na masikio yako mwenyewe yana kiasi. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma katika sauti ya desibeli 80. Kipimo cha nyumbani ni hiki: kama wapaswa kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja nawe akusikie, umepita kiasi.

Je, kijana alitumia fedha ngapi? Alinunua waya mnene wa mita 6, fyuzi na kishikio chake, parafujo, na mkeka. Shilingi 180,000 zilipungua kwa shilingi 14,500. Nauli ya mama ilibaki, sare ya shule ilinunuliwa, na mbuzi yungali hai.

Jioni ile tulikaa kimya tukingoja habari. Saa ilipofika mtangazaji akasema. Kijana akamtazama mama yake, asiseme neno. Mama akasikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Bei ya pamba wameitaja. Na huyu anayesema leo si yule wa jana. Huyu ana mafua." Nasi hatukuwa tumeyatambua mafua hayo.

Basi, mabibi na mabwana, kabla hamjatoa fedha kununua chombo kikubwa, kaeni kwanza mahali anapokaa yule asiyesikia. Sikilizeni kutoka pale. Huenda mkaona kwamba kilichotakiwa ni kusogeza kitanda.

Kwaherini.